Kopi A, mzigo wa Dubai na majina ya kufanana: muuza duka afanye nini?

SWALI

Habari za kazi, ndugu washauri.

Nina duka dogo la vifaa vya simu hapa Morogoro. Mzigo nachukua Kariakoo kwa jumla. Mara ya mwisho nilichukua memori kadi 40 za GB 64 kwa shilingi 6,500 moja, zenye jina na boksi la kampuni kubwa inayojulikana. Chaji 30 ambazo jina lake limepishana herufi moja tu na jina la kampuni maarufu. Ekstensheni 12 za matundu manne. Na simu janja sita "za Dubai", Samsung nne na iPhone mbili, kila moja ikiwa chini kwa kama shilingi 90,000 kuliko bei ya wakala.

Sasa matatizo yananiandama. Kadi 11 zimerudi. Wateja wanasema zilifanya kazi vizuri wiki za mwanzo, halafu picha zikaanza kutokea nusu kijivu au kutofunguka kabisa. Mmoja amepoteza picha za send-off ya mdogo wake na hataki kunielewa. Samsung moja, niliyoitoa mwenyewe kwenye boksi lenye sili, inakataa laini zote za hapa nchini. iPhone moja haina hata mahali pa kuingizia laini. Nilidhani nimeuziwa ile ya kuchezea watoto.

Nilipompigia aliyeniuzia akanijibu: "Dada, hiyo ni kopi A, siyo feki. Feki ni ile isiyofanya kazi. Na za Dubai ni orijino kabisa." Wiki iliyopita wakaguzi walipita kwa jirani yangu, wakaondoka na maboksi mawili ya bidhaa. Tangu hapo usingizi sina.

Naomba kujua: je, vyote hivi ni feki? Nawezaje kukagua mwenyewe, maana mimi si fundi? Mzigo uliobaki niufanye nini? Na mteja akiniuliza kama simu ni ya Dubai nimwambie ukweli, au nitakosa biashara?

Dada wa Duka, Morogoro

JIBU

Dada yetu, tuanze na hiyo "kopi A", maana ndiyo itakayokuponza. Sheria haiulizi kama kitu kinafanya kazi. Inauliza nani amekitengeneza na jina la nani limebandikwa juu yake. Kadi nzuri kabisa, inayotunza kila picha, ikiwa na jina la kampuni ambayo haikuitengeneza wala haikutoa ruhusa, ni bandia. Kopi A, kopi B, "haikopi" ni lugha ya sokoni ya kupangia bei. Hakuna ofisi inayoyatambua madaraja hayo. Na mwenye kosa si mtengenezaji peke yake. Chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi, au kuiweka dukani ili uiuze, nako ni kosa, na wakaguzi wa Tume ya Ushindani (FCC) wana mamlaka ya kuingia dukani, kukagua na kukamata.

Lakini si vyote ulivyoleta ni feki. Kadi, kwa maelezo yako, ni bandia: jina la mtu, mali ya mtu mwingine. Simu za Dubai zinaweza kuwa halisi kabisa, ila zilitengenezwa ziuzwe nchi nyingine na zimeingia bila kupitia kwa wakala wa hapa. Huo ni uagizaji sambamba, na ugomvi wake ni mwingine: waranti, mtandao, kodi na karatasi. Chaji ziko kwenye kundi la majina ya kufanana, ambalo ndilo gumu kuliko yote mbele ya sheria. Kubadili herufi moja hakumwokoi mtu. Alama ya biashara inalindwa pia dhidi ya jina linalokaribiana nayo kiasi cha kumchanganya mnunuzi, na anayeangaliwa ni mnunuzi wa kawaida mwenye haraka zake, anayelikumbuka jina kwa juujuu. Haangaliwi mtu aliyekaa na maboksi mawili akilinganisha herufi kwa herufi. Ikiwa rangi, mwandiko na boksi navyo vimeigwa, hapo hakuna cha kujitetea.

Tofauti na hao kuna kampuni ndogo ya China yenye jina lake, boksi lake na anwani yake, inayouza chaji ya bei nafuu. Hiyo si feki hata kidogo. Wauza duka wengi huikwepa kwa sababu jina halivutii, wanakimbilia jina la kufanana, na hapo ndipo wanapojitia kitanzi. Ukitaka bei ya chini, tafuta bidhaa isiyojificha nyuma ya jina la mtu.

Sasa kazi. Leo hii, kabla hujagusa kadi, toa chaji na ekstensheni kaunta. Kadi mbaya inapoteza picha. Chaji mbaya inaweza kufikisha volti 230 kwenye kiganja cha mtu. Ndani ya chaji mna transfoma ndogo, na pamoja na kushusha umeme, kazi yake kubwa ni kuutenga upande wa ukutani na upande wa simu. Kwenye chaji iliyotengenezwa vizuri, waya wa upande mmoja una ngozi ya ziada, mizunguko imetenganishwa kwa tepu, na kwenye bodi kuna nafasi tupu ya kama milimita 6 kati ya pande hizo mbili, mara nyingi ikiwa na mpasuo uliokatwa kabisa. Kwenye chaji ya bei ya kutupa nafasi hiyo hubanwa hadi milimita moja au mbili, na tepu huachwa. Ikiwa kavu inafanya kazi. Ikiingia unyevu, vumbi au mdudu, umeme unaruka.

Hilo huwezi kuliona kwa nje, lakini kuna dalili za nje. Tazama miguu ya plagi. Kwa kiwango cha Uingereza tunachotumia hapa, BS 1363, miguu miwili ya chini huwa na ngozi nyeusi ya plastiki karibu na shina, ili kidole kisiguse chuma plagi inapochomolewa nusu. Mguu wa juu, wa ethi, ukiwa wa chuma hautakiwi kuwa na ngozi hiyo, kwa sababu ndio unaotakiwa kugusana na soketi. Ukiona miguu yote mitatu imevishwa ngozi, mtengenezaji hakusoma hata ukurasa wa kwanza wa kiwango. (Mguu wa ethi wa chaji ukiwa plastiki tupu hakuna shida, kazi yake ni kufungua milango ya soketi tu.) Halafu chukua rula: kutoka kwenye mguu hadi ukingo wa plagi lazima kuwe na angalau milimita 9.5. Chaji bandia nyingi ni nyembamba mno, vidole hufika kwenye chuma.

Kisha nunua kipimo kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya chaji na waya. Bei yake haizidi sana ya chaji zenyewe. Chaji ya kawaida inapaswa kuonyesha kati ya volti 4.75 na 5.25, na isishuke chini ya hapo inapofanya kazi. Chaji ya kasi hupanda hadi volti 9 simu inapoiomba, usishtuke. Tumia simu unayojua kwamba ikiwa na betri chini ya asilimia 50 huvuta ampea 2 kwa chaji nzuri. Kama chaji imeandikwa ampea 3 na simu hiyo inavuta 0.6 tu, ujue maandishi ni mapambo. Jaribio lingine: iache ivute dakika 30. Ikiwa huwezi kuishika mkononi kwa joto, hiyo haiuziki.

Kipimo hicho hakikuambii chochote kuhusu ile nafasi ya ndani. Kwa hilo, vunja moja. Mpelekee fundi simu aifungue, akuonyeshe kama kuna nafasi na kama transfoma imefungwa tepu ya njano. Isichomekwe tena baada ya kufunguliwa, na iwe imekaa bila umeme kwanza kwa sababu kapasita kubwa, kile kifaa cha ndani kinachotunza umeme, huwa haijaisha nguvu. Kuvunja moja kati ya 30 ni gharama ndogo.

Jambo moja linalosumbua wateja bure: mtetemo mwembamba unaosikika ukipitisha kidole kwenye ubavu wa simu ya chuma ikiwa inachajiwa. Hata chaji halisi isiyo na ethi hufanya hivyo, kwa sababu kuna kapasita maalumu inayopitisha umeme kidogo sana kupunguza kelele za redio. Anayepigwa shoti ya kurusha mkono ndiye wa kusikilizwa.

Ekstensheni ina ujanja wake kwenye waya. Ile inayojiita ya ampea 13 inatakiwa kuwa na waya wa shaba wa milimita za mraba 1.25. Ya bandia huwa na nyuzi chache za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, na alumini ina ukinzani wa mara 1.6 hivi kwa unene ule ule. Kata sentimita mbili za waya wa moja, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: shaba hubaki nyekundu hadi ndani, alumini hung'aa nyeupe. Pitisha na sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hiyo ni mbaya zaidi. Fungua kifuniko cha fyuzi kwenye plagi. Panatakiwa kuwe na fyuzi ya kauri, urefu wake kama sentimita mbili na nusu, imeandikwa 13A na BS 1362. Ukikuta hakuna mahali pa fyuzi kabisa, weka pembeni. Sababu ni hii: pasi ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ikichomekwa pamoja na jagi la umeme, ekstensheni inabeba ampea 18 hivi. Swichi kuu ya nyumbani ya ampea 20 au 32 haioni tatizo lolote hapo, inaendelea kuruhusu umeme, na waya mwembamba ndio unaogeuka kuwa jiko.

Wengine watakuambia utazame alama ya CE, kwamba herufi zikikaribiana sana maana yake ni "China Export". Hakuna alama rasmi ya namna hiyo, ni uvumi. Herufi zilizobanana zinaonyesha tu kwamba CE imechapwa vibaya, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Na CE ni alama ya soko la Ulaya. Hapa kwetu kiwango ni cha TBS, Shirika la Viwango, na mzigo wa umeme unaoagizwa kihalali huwa na cheti cha ubora kinachotolewa kabla ya kupakiwa huko utokako. Mwombe muuzaji wa jumla nakala ya cheti hicho. Aliyeagiza mwenyewe anacho. Anayekwambia "hiyo siyo kazi yako" hana.

Tuje kwenye kadi. Kilichowapata wateja wako kina maelezo rahisi. Ndani ya kadi mna chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo ya usimamizi. Ya usimamizi inaweza kuandikwa upya ili iseme "mimi ni GB 64" wakati ya kuhifadhi ni GB 8. Ni daftari la kurasa 8 lenye jalada la kurasa 64: mwenye nalo haoni upungufu mpaka afike ukurasa wa tisa. Baada ya hapo kadi ama inatupa data mpya kimyakimya ama inaandika juu ya zile za zamani. Majina ya mafaili yanaendelea kuonekana, ndiyo maana mteja anaona orodha ya picha zake zote lakini nusu yake ni kijivu. Ndiyo maana pia zilifanya kazi wiki za mwanzo, na ndiyo maana kufomati hakusaidii kitu.

Kwa macho, anza na nembo. Kadi ndogo za zaidi ya GB 2 hadi GB 32 huandikwa HC, na kuanzia juu ya 32 huandikwa XC. Kadi ya GB 64 yenye nembo ya HC imejifunga yenyewe. Halafu iweke kwenye kompyuta ya Windows. GB 64 halisi huonekana kama 59 hivi, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Kwa hiyo mteja anayelalamika kuona 59 hajaibiwa. Kadi inayoonyesha 64 kamili ndiyo ya kuitilia shaka.

Kipimo cha kweli ni kimoja: ijaze yote, kisha usome ulichoandika. Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux na Mac tumia F3. Hatua zake: nakili kwanza kilichomo kwenye kadi, ifomati, chagua kadi ndani ya programu, chagua nafasi yote na si sehemu tu, kisha anzisha kuandika na kuhakiki. Kosa la kawaida ni mtu kujaribu GB 1 peke yake. Kadi ya GB 8 itafaulu jaribio hilo bila wasiwasi. Kadi inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde itamaliza GB 64 kwa dakika 53 hivi, halafu kuna muda wa kusoma. Kadi bandia mara nyingi huandika kwa 10 au chini, kwa hiyo jiandae kwa karibu saa mbili. Wenye Linux wana njia ya mkato, f3probe, inayotafuta mwisho wa kadi kwa dakika chache, ila inaweza kufuta kila kitu. Mwishoni programu inakuambia wazi ni kiasi gani kimehifadhiwa na kiasi gani kimepotea. Piga picha skrini hiyo. Ni ushahidi wako kwa aliyekuuzia.

Hizo 29 zilizobaki, kama bado unazo, zipime, lakini ujue jambo hili: kadi itakayofaulu kipimo bado ina jina la kughushi. Kipimo ni cha kumdai pesa aliyekuuzia. Hakikupi ruhusa ya kuuza zilizofaulu.

Mwenye picha za send-off mwambie asiandike kitu kingine chochote kwenye kadi ile. Picha zilizoingia kwenye GB za mwanzo, zile halisi, zinaweza kuokolewa kwa programu kama PhotoRec, zikitolewa kwenda kwenye diski nyingine. Zilizofuata huenda hazikuandikwa popote, na hizo hakuna fundi wa kuzirudisha. Bora aambiwe hivyo kuliko kumlipa mtu anayemwahidi miujiza.

Simu sasa. Piga *#06# kwenye kila moja. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina namba mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha tuma kwa ujumbe kwenda 15090. Ni huduma iliyopata umaarufu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ilipofungia simu bandia Juni 2016. Utajibiwa aina na modeli ya simu. Soma jibu lote, usitazame kama limekuja tu, kwa sababu watengenezaji wa bandia hunakili IMEI ya simu halisi. Jibu likisema ni simu ya kitochi ya kampuni nyingine na wewe umeshika Samsung, umemaliza kazi.

Unaweza pia kuikagua namba kwa kalamu. Chukua tarakimu 14 za kwanza. Zile za nafasi ya pili, ya nne, ya sita hadi ya 14 zizidishe kwa mbili. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe kwa zenyewe. Kisha jumlisha zote. Tarakimu ya 15 ni ile inayokosekana ili jumla ifike kwenye kumi inayofuata. Kwa mfano 49015420323751 inatoa jumla ya 52, kwa hiyo ya mwisho lazima iwe 8. Namba za kubuni tu mara nyingi hufeli hapa.

Kwenye Samsung piga *#0*#. Modeli nyingi halisi hufungua ukurasa wa majaribio wa skrini, kamera na vihisi. Za kuiga mara nyingi hazina. Kwa simu yoyote ya Android, fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake hadi sehemu ya maelezo, uone kama imeandikwa kwamba kifaa kimethibitishwa.

Ile Samsung inayokataa laini huenda ikawa halisi kabisa. Samsung huuza simu nyingi zikiwa na kufuli la ukanda: laini ya kwanza lazima iwe ya nchi za ukanda ilikokusudiwa, na ipigwe simu ya angalau dakika 5 ndipo ifunguke kwa laini za kwingine. Mara nyingi hilo limeandikwa kwenye stika ya boksi. Wafanyabiashara wazoefu wa Dubai hukata sili, huweka laini ya huko, hupiga simu, kisha hurudisha boksi. Kwa hiyo simu ya Dubai yenye sili iliyokatwa si lazima iwe imetumika, na yenye sili nzima inaweza kukugomea, kama ilivyokutokea. Kuona ilikotoka, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, maelezo ya programu, mstari wa toleo la mtoa huduma: XSG ni Emirati, INS ni India, XAA ni Marekani. Irudishe kwa aliyekuuzia aifungue kwa laini ya ukanda husika. Usimpe fundi wa "kuflashi" kabla ya hapo, utapoteza hata haki ya kuirudisha.

iPhone isiyo na mahali pa laini huenda ni ya Marekani. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, za Marekani hazina tundu la laini, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Thibitisha kwenye Mipangilio, Jumla, Kuhusu, namba ya modeli: inayoishia LL/A ni ya Marekani, AE/A Emirati, ZP/A Hong Kong, J/A Japani (na hii mlio wa kamera yake huenda usizimike, mwambie mnunuzi). Herufi ya kwanza nayo inasema: M ni mpya ya dukani, F imefanyiwa ukarabati na Apple, N ilitolewa kubadilisha iliyoharibika. Ukiambiwa "mpya kabisa" na inaanza na F, bei ishuke. Ukurasa huo huo una mstari wa kufuli la mtandao. Lazima useme hakuna kizuizi cha laini. Na hakikisha mwenye simu wa awali ameondoa akaunti yake, ukiiwasha upya kutoka mwanzo isiombe nywila ya mtu mwingine.

Kuna kundi jingine la kuogopa kuliko Dubai: simu za mkopo zilizovuka mpaka. Zinauzwa safi, halafu mwenye mkopo asipolipa zinafungwa kwa mbali, hata mwezi mmoja baadaye. Simu mpya ikikuonyesha, unapoiwasha mara ya kwanza ikiwa na intaneti, kwamba inasimamiwa na kampuni au taasisi fulani, irudishe hapo hapo. Kwa hiyo usikubali kuijaribu bila intaneti.

Kuhusu faida ya hizi simu, piga hesabu upya. Ukiweka faida ya shilingi 40,000 kwa kila moja, sita zinakupa 240,000. Waranti ya kampuni kwa simu za ukanda mwingine kwa kawaida haitambuliki hapa, hivyo moja ya 600,000 ikifa bodi ndani ya miezi mitatu, umekula faida yote na mtaji juu. Ile tofauti ya 90,000 na bei ya wakala ndiyo bei ya waranti. Usimwachie mteja yote wala usiichukue yote; tenga sehemu yake, sisi tungesema theluthi moja, iwe akiba ya matengenezo.

Mzigo uliobaki: kadi zote, na chaji za jina la kufanana, zifunge kwenye boksi, ziandikie "haziuzwi", ziondoe kaunta. Hesabu, piga picha mbele na nyuma. Mwandikie aliyekuuzia kwa ujumbe wa maandishi, si kwa kupiga, ukiambatanisha picha, skrini za H2testw na risiti, ukidai pesa yako. Kama hukupewa risiti ya EFD, kumbukumbu ya malipo ya simu na mazungumzo yenu ndiyo kinga uliyonayo. Bila kumtaja aliyekuuzia, mbele ya mkaguzi mzigo unaonekana ni wako mwanzo hadi mwisho. Akikataa, nenda FCC mwenyewe na boksi lako kabla hawajakufuata. Usimwachie machinga azimalizie kwa bei ya hasara. Umeshajua ni bandia, na ukiuza huku unajua huwezi tena kujitetea kwamba hukujua.

Wateja 11 warudishie pesa zao zote za kadi. Ekstensheni zitakazofaulu wembe, sumaku na fyuzi unaweza kuzirudisha kaunta, mradi hazina jina la kughushi wala la kuigiza. Hedifoni na kava hujaziuliza. Kanuni ya jina ni ile ile, ila hatari yake kwa mwili ni ndogo.

Safari ijayo ya Kariakoo, nunua mbili, pima usiku, chukua 40 kesho yake kutoka kwa mtu yule yule, katoni ile ile. Kama basi halikuruhusu kulala Dar, lipia mbili urudi nazo.

Swali lako la mwisho: ndiyo, mwambie, tena kwa maandishi. Mteja anayejua kwamba simu ni ya Dubai na ameipata kwa bei pungufu hana cha kukushtaki kwa hilo. Aliyeambiwa "ni ya wakala" anacho. Kwenye risiti andika modeli, IMEI zote mbili, kisha maneno haya: "Simu halisi iliyoagizwa kutoka nje bila kupitia kwa wakala. Waranti ya duka miezi 3 kwa hitilafu ya kiwandani, haihusu kupasuka wala maji. Imejaribiwa kwa laini ya mteja dukani." Asaini, ubaki na nakala.